Uzoefu wangu: kuvuta umeme kwenye shamba tupu Mkuranga

Mwaka 2021 nilinunua ekari tatu Mkuranga, ndani kidogo ya barabara ya Kisiju. Muuzaji aliniambia umeme upo, na hakunidanganya. Ukisimama mpakani unaziona nguzo kule madukani, na usiku taa za shule zinaonekana. Sikumuuliza upo wapi hasa, na swali hilo moja limenila miaka miwili. Kama unataka kulipia shamba sasa hivi, au umeshalipia na unazitazama nguzo za jirani kwa hamu, haya yanakuhusu.

Serikali imeshatangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Kwetu umefika kweli: transfoma ipo, shule ina taa, maduka yana friji. Lakini kijiji kufikiwa si shamba lako kufikiwa. Shamba langu lipo bondeni, nyuma ya mikorosho ya watu, na huko laini haikuwa na sababu ya kwenda.

Jambo la pili lililonipoteza ni nyaya zenyewe. Pembeni mwa shamba inapita laini kubwa, nyaya tatu juu kabisa, na nilipolinunua nilijipa moyo kwamba nitavutiwa kutoka hapo. Ile ni ya kilovolti 33. Nyumba haiunganishwi hapo mpaka kuwe na transfoma. Laini ya kukufaa ni ile ndogo inayotoka kwenye transfoma, volti 230 kwa njia moja (fezi moja) na 400 kwa njia tatu (fezi tatu). Kwa hiyo ukienda kukagua shamba nenda na kamba. Pima kutoka nguzo ya mwisho ya laini ndogo mpaka mahali utakapojenga. Mimi nilikuja kupima nikiwa nimeshalipa pesa ya shamba: mita 205.

Mita hizo ndizo zinazoamua kila kitu. Mwaka 2023 nilipoomba, bei za njia moja kwa maeneo yanayohesabiwa kuwa ya mji zilikuwa hivi: usipohitaji nguzo, yaani usizidi mita 30, unalipa shilingi 320,960, nguzo moja, mpaka mita 70, ni 515,618, nguzo mbili, mpaka mita 120, ni 696,670. Kijijini ilikuwa 27,000. Ukizidi mita 120 bei hizo za orodha haziko tena, unasubiri makadirio ya savea, yaani mpimaji wa shirika la umeme. Na usijihesabie 27,000 kwa sababu tu kuna mihogo na minazi. Kitongoji chetu ni shamba kwa kila mwenye macho, lakini kimewekwa upande wa mji. Uliza mapema eneo lako limewekwa wapi.

Kabla sijayajua hayo nilikuwa nimeshaliwa na kishoka, yaani tapeli anayejifanya mtu wa shirika la umeme. Alikuja na bodaboda, kavaa buti na ovaroli, ana karatasi zenye majina ya watu. Alinitajia 27,000 na kuniambia nimpe laki na nusu nyingine ili niingizwe kwenye orodha ya nguzo za mwezi ule. Nilimtumia kwenye simu, namba yenye jina lake mwenyewe. Wiki mbili baadaye simu yake ilikuwa haipatikani. Nilipokwenda ofisini wilayani, hakukuwa na ombi lolote lenye jina langu. Iliniuma sana, kwa sababu ile pesa ilikuwa ya mbegu. Malipo halali ya umeme yana kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo ya serikali, na pesa inaingia serikalini. Mtu akikupa namba yake ya simu ulipie nguzo, mwache aende zake hata kama ana buti.

Ombi lenyewe nililifanya kwenye Nikonekt, mfumo wa mtandaoni wa maombi wa TANESCO, shirika la umeme, Februari 2023, nikiwa nimekaa chini ya mwembe. Unahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), simu, na maelezo ya mahali ulipo. Sehemu hii ni nyepesi na sina la kuongeza.

Savea alipokuja alinikuta na shamba tupu: kisima nilichokwisha kuchimba, bomba limefunikwa kwa ndoo, na majani. Aliniuliza mita itafungwa wapi. Nikamwonyesha kisima. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kupimia porini, panatakiwa jengo, hata chumba kimoja, lenye wayaringi iliyofanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kisha akatazama ile kamba yangu, akatazama nyumba ya mama mmoja mwenye genge iliyo katikati yangu na laini, akauliza, "Huyu mama hajaomba?"

Swali hilo ndilo lililoniokoa. Nyumba ya yule mama ipo kama mita 100 kutoka laini ndogo. Akivuta yeye kwa nguzo mbili, nguzo yake ya mwisho inasimama mita 90 hivi kutoka pale, na kwangu zinabaki mita 115. Nguzo ukishalipia haiwi yako, ni mali ya shirika, na anayefuata anaunganishwa kutoka hapo. Nilikwenda kwake jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeme tena?"

Kumbe alikuwa na akiba ya nusu, anataka friji ya juisi na samaki. Tulikubaliana nimkopeshe laki tatu, naye anilipe kidogo kidogo kwa mayai na kwa pesa. Alilipa kwa kontroo namba yake, jina lake, risiti yake. Mimi nikaomba upya nguzo zake ziliposimama. Kama mna majirani watatu au wanne kwenye mstari mmoja, kaeni chini mpange nani aombe kwanza. Yule wa karibu na laini ndiye anayewafungulia wengine njia.

Wakati huo nikajenga chumba cha tofali, futi kumi kwa kumi, bati nne, kiwe cha mlinzi na cha pampu. Wayaringi nilimpa fundi niliyeelekezwa na mtu. Vifaa vilinigharimu kama laki nne, ufundi 180,000. Alikuwa na haraka. Swichi zilikaa sawa, meni swichi imenyooka, taa zimejaribiwa kwa jenereta zikawaka. Nikaridhika.

Mkaguzi alipokuja hakutazama taa. Alizunguka nyuma ya chumba, akachuchumaa pale waya wa ethi unapoingia ardhini, akakifuta mchanga kwa kidole gumba kichwa cha ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayopeleka ardhini umeme unaovuja. Akaishika kwa mkono mmoja, akaivuta. Ikatoka yote, nyepesi, kama mhogo uliooza shina. Ilikuwa imekatwa. Urefu wake haukuzidi futi moja na nusu, na mwisho wake unaonekana meno ya msumeno. Nilikuwa nimeinunua mwenyewe, ya futi nne, nikaiacha mikononi mwa fundi. Nusu nyingine sijui ilikwenda kwa nani.

Nataka ulielewe hili vizuri kwa sababu ni uhai wa mtu. Pampu ina bomba la chuma na maji, na anayefungua maji alfajiri yuko peku kwenye tope. Waya wa pampu ukichubuka, umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini. Ethi ikiwa nzuri unapita hapo na breka ya umeme unaovuja (RCD) inakata. Ethi ikiwa kipande cha futi moja kwenye mchanga mkavu wa Pwani, njia iliyobaki ni mwili wa kijana wangu. Nilikaa juu ya tofali nikatetemeka.

Fundi mwingine aliyekuja kurekebisha aliiweka rodi mpya upande wa bafu, mahali maji yanapomwagika na ardhi haikauki, akachimba shimo akaizungushia mkaa na chumvi, akamwagia maji ndoo mbili. Nilisimama pale mpaka rodi yote ikazama, nikaona kwa macho yangu. Na wewe simama. Usiende kunywa chai fundi anapogonga ethi.

Kisha mvua. Tulikuwa kwenye masika, na njia yetu ni udongo mfinyanzi. Lori la nguzo lingekwama kwenye kona ya kwanza tu. Nguzo zangu ziliteremshwa Julai, baada ya wiki saba za kusubiri njia ikauke. Ukiweza, omba mara baada ya masika ili ujenzi uangukie kiangazi.

Siku ya kuchimba mashimo mzee mwenye mikorosho alikuja na panga lake mkononi. Kigingi cha pili, vile vya kuonyesha nguzo zitasimama wapi, kilikuwa chini ya matawi ya mkorosho wake mkubwa, na mkorosho ule ukikatwa upande mmoja ni korosho za msimu mzima zimekwenda. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimepata ridhaa yake ya mdomo kwamba nguzo zipite, lakini sikumpitisha kwenye mstari kigingi kwa kigingi. Tulisalimiana, nikamwomba radhi. Akatembea na mafundi mpaka mpakani, akawaonyesha pengo kati ya miti miwili, mita kama tatu kushoto. "Hapa piteni, hapa sina ugomvi na mtu." Kigingi kikahamishwa. Nguzo haikuongezeka, ila waya ulipinda kidogo ikafungwa stei, waya wa kuishikilia nguzo isilale. Baada ya hapo tuliandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji, mashahidi wawili. Fanya hivyo kabla, siyo baada.

Nguzo zilisimama siku moja, waya ukavutwa kesho yake, na Agosti mita ikafungwa juu ya nguzo, nami nikakabidhiwa rimoti ya kuingizia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ile rimoti inatumia betri, kwa hiyo weka betri za akiba. Niliingiza tarakimu 20 za kwanza nikiwa nimeshika simu kwa mkono wa kushoto na mkono wa kulia unatoka jasho. Taa ya chumba cha mlinzi ikawaka saa tisa mchana, wala hatukuihitaji, lakini hakuna aliyeizima.

Pampu yangu ni ya hosi pawa moja na nusu, inakula kama kilowati 1.1. Usiku wa kwanza iligoma. Ilikuwa inaunguruma bila kuzunguka, nikaizima haraka. Fundi alichomeka kipimo: saa saba mchana volti 226, saa moja na nusu usiku 189. Kwenye transfoma yetu kuna mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea, jioni kila nyumba inawasha, na mimi ndiye wa mwisho kwenye waya. Ndiyo maana nasisitiza umbali: mita hizo hazipandishi bei tu, zinashusha na nguvu ya umeme unaokufikia. Nimepanga kusukuma maji saa kumi na moja alfajiri, volti zikiwa juu, mpaka simtanki la lita 5,000 lijae. Nimefunga pia kifaa cha kuzima pampu volti zikishuka. Tangu hapo haijaungua.

Kwenye pesa, tofauti ni kubwa. Jenereta ilikuwa inakunywa lita tatu kwa saa tatu za kumwagilia, karibu 9,000 kwa siku kwa bei ya petroli ya mwaka ule. Sasa nasukuma saa hizohizo tatu kwa uniti tatu na kidogo. Niko kwenye T1, kundi la bei la watumiaji wa kawaida, na uniti moja pamoja na kodi ilikuwa inanijia kama shilingi 356. Mwezi mzima ni uniti 100 hivi, hauzidi sana elfu thelathini na sita, mahali nilipokuwa naunguza zaidi ya laki mbili na nusu. Nyanya na matikiti yamerudisha pesa ya nguzo ndani ya misimu miwili.

Mama wa genge amemaliza deni lake, friji inafanya kazi. Wiki iliyopita jirani wa upande wa bonde amejaza fomu, yeye atatokea kwenye nguzo yangu ya mwisho, na jana tumetembea naye na yule mzee wa mikorosho mstari mzima tukaweka vigingi vyetu wenyewe vya muhogo, mmoja baada ya mwingine, kabla savea hajafika.