Technics SL-1200MK7: mashine ya kufika upande B

Haya wadau, kabla sijasema lolote, angalieni hii sahani. Nabonyeza. Mmeona? Ndani ya sekunde 0.7 tayari iko kwenye kasi yake ya mizunguko 33 kwa dakika. Nabonyeza tena, imesimama. Video sijaikata hapo, ndivyo ilivyo.

Hii ni Technics SL-1200MK7, mashine ya santuri iliyoingia sokoni mwaka 2019. Nimekaa nayo miezi minne. Leo sitawachosha na habari za sauti ya joto na sauti ya baridi, hayo waachieni wenye masikio ya popo. Mimi naipima kwa kitu kimoja tu: inanifikisha upande B kwa urahisi kiasi gani?

Nina sababu. Zamani wimbo mmoja ulitoka kwenye santuri yenye pande mbili. Upande A ndio kampuni iliweka hela na matumaini. Upande B ulikuwa wa kujazia nafasi, kama mchicha pembeni ya sahani ya pilau. Sasa chukua historia ya hip hop, igeuze chali, utashangaa mambo mangapi makubwa yalianzia kwenye mchicha. Kwenye simu hatuyaoni, maana kule hakuna upande B. Kule kila wimbo ni namba tu kwenye foleni.

Tuanze na boksi. Ndani unakuta sahani nzito, mkono, kile kizito cha nyuma cha kusawazisha, kifuniko cha vumbi, na kile kidude cha mviringo cha santuri ndogo zenye tundu kubwa katikati. Sindano haimo. Narudia, SINDANO HAIMO. Unalipa bei ya bodaboda mpya, unafika nyumbani, unakuta mashine haina meno. Na haina kikuza sauti cha ndani, kwa hiyo lazima uwe na miksa au amplifaya yenye tundu la phono, yaani la mashine ya santuri, la sivyo utasikia muziki kama mbu ndani ya chupa. Mzigo wangu wa kwanza ulikuja hata bila kizito cha nyuma. Duka silitaji, walinirudishia baada ya wiki tatu za "tunalifanyia kazi".

Ukishaifunga, usisahau waya wa ethi. Mimi niliusahau. Usiku mzima natafuta mvumo unatokea wapi, nimezima hadi friji.

Santuri ya kwanza. Hii ndogo, ya inchi saba, inakwenda kasi ya 45. The Fatback Band, mwaka 1979. Upande A umeandikwa "You're My Candy Sweet", wimbo wa kucheza disko, mzuri tu. Nauachia kidogo... haya, inatosha. Nageuza. Upande B: "King Tim III". Huyo anayechana hapo mnamsikia? Ukimuuliza mtu yeyote rekodi ya kwanza ya rap, atakujibu "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, bila kupepesa macho. Ila hii ilitangulia kutoka, mwaka huohuo, kwa muda mfupi. Ikawa upande wa pili, na jina likachukuliwa na wenzao. Mimi "Rapper's Delight" naipenda, sina ugomvi nayo, lakini mtu akiulizwa nani alifika shuleni wa kwanza, jibu lisiwe yule aliyepiga kelele zaidi.

Na kabla ya rekodi yoyote kulikuwa na sherehe. Agosti 11, 1973, jengo namba 1520 Sedgwick Avenue, Bronx. Kila mtu anamtaja DJ Kool Herc, kijana aliyehamia New York akitokea Jamaika. Ni haki yake. Lakini sherehe iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell, aliyekuwa anatafuta hela ya nguo za kurudia shule. Kiingilio wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kwa hiyo utamaduni wote huu, minyororo ya dhahabu na magari ya kifahari, ulianza na binti anayetaka nguo mpya. Kaka alipiga muziki, dada alipiga hesabu. Cindy ndiye upande B wa usiku ule.

Rudi kwenye mashine. Kinachozungusha sahani ni mota iliyounganishwa nayo moja kwa moja, hakuna mkanda wa mpira. Hiyo kazi ilifanywa na wahandisi wa Matsushita, kampuni mama ya Technics, kule Japani chini ya Shuichi Obata, na SL-1200 ya kwanza ikatoka 1972. Ilitengenezwa kwa ajili ya mzee mmoja ametulia sebuleni na kahawa yake. Mkanda wa mpira ukiuzuia kwa mkono unateleza, unachoka, unakatika. Hii ukiizuia haijali. Tazama, nimeshika santuri, sahani chini inaendelea kuzunguka. Nikiachia, hiyo, imeondoka pale pale. Vijana wa Bronx waligundua kitu ambacho hakikuwamo kwenye kitabu cha maelezo. Toleo la MK2 lilipotoka 1979, na kile kitelezi kirefu cha kurekebisha kasi, ma-DJ wakaligeuza kuwa ala ya muziki.

Jamaa aliyegundua skrachi, ule mkwaruzo wa santuri, ni Grand Wizzard Theodore. Katikati ya miaka ya sabini, alikuwa bado mtoto, anapiga muziki chumbani kwa sauti kubwa. Mama yake akaja kugonga mlango, punguza hiyo kelele! Dogo akaweka mkono juu ya santuri ili amsikilize mama, huku mkono unaisogeza mbele na nyuma, na sauti inatoka kwenye spika. Mama alipoondoka, dogo akabaki anafikiria ile sauti. Kumbe ukali wa mama nao umo humu.

MK7 ina kitu ambacho Theodore hakuwa nacho: inacheza kinyumenyume yenyewe. Kuna viswichi vidogo chini ya sahani, unachagua. Ni burudani ya dakika kumi, baada ya hapo utasahau kama ipo. Viswichi hivyohivyo vinapanga nguvu ya mota na jinsi breki inavyokamata. Hivyo ndivyo vya maana.

Santuri ya pili. Run-DMC, 1983. Upande A "It's Like That". Nageuza. "Sucker M.C.'s". Sikilizeni... ngoma ya mashine, sauti ya mtu, basi. Hakuna besi, hakuna bendi, hakuna mbwembwe. Wimbo huu ni kipimo kizuri cha mashine yoyote, maana kati ya pigo na pigo kuna ukimya, na kwenye ukimya ndipo mvumo wa mota unajificha. Nimesogeza maiki karibu na spika. Kimya. Hapo MK7 nampa maksi zote.

Ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote, mnivumilie. Kundi la UTFO, 1984. Upande A unaitwa "Hanging Out". Nani anaukumbuka? Upande B ni "Roxanne, Roxanne", vijana wanalalamika kuhusu binti anayewaringia. Ukapigwa kila redio. Halafu msichana wa Queensbridge, mtaa wa New York, Roxanne Shanté, ana miaka 14, akaingia nyumbani kwa prodyuza Marley Marl akawajibu kwa mkupuo mmoja, kana kwamba yeye ndiye huyo Roxanne. Wale jamaa aliwaogesha. Baada ya hapo majibu yakamiminika: Roxanne mwingine, wazazi wa Roxanne, ndugu wa Roxanne, kila mwenye maiki akataka neno lake. Wachambuzi wa Marekani huliona hilo tukio la ajabu. Sisi tuliokulia miaka ya tisini tukisikia vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano vikirushiana vijembe, Khadija Kopa huku na Nasma kule, tunajua jina lake: mipasho. Tofauti ni kwamba Shanté hakuwa na kanga ya kufunga kiunoni.

Kwenye kugeuza sasa. Taa ya sindano inachomoza ukiibonyeza, mwanga mweupe, unaona mifereji vizuri hata chumba kikiwa giza. Mkono ni mwepesi na hauna mchezo. Kinachoniudhi ni mwili. MK7 ina kilo 9.6 tu, nyepesi kuliko mama yake MK2, na ukiigonga pembeni unahisi plastiki. Kwenye meza yangu ya mninga haina neno. Kwenye jukwaa la mbao la ukumbi wa harusi, watu wakianza kuruka, weka kitu kizito chini yake. Na umeme ukikatika, kama juzi hapa, santuri inashuka taratibu, sauti inazama kama mtu anayesinzia. Sikatai, inapendeza.

Je, ununue? Kama unapiga kwenye kumbi, unahitaji mbili, na hapo ni bodaboda mbili. Tafuta MK2 iliyotunzwa, ya fundi unayemwamini. Kama ni ya nyumbani, na una hamu ya kuchokonoa, MK7 hutaijutia.

Santuri ya nne, Vanilla Ice, 1990. Najua, mnacheka. Upande A "Play That Funky Music". Mwanzoni ulikufa pale pale. DJ mmoja wa redio kule Georgia akageuza, akapiga "Ice Ice Baby", na mwaka huohuo ukawa wimbo wa kwanza wa rap kushika namba 1 kwenye Hot 100, chati ya Billboard ya Marekani. Mwaka uliofuata, Dar es Salaam, Saleh Jabir akachukua mdundo huohuo akachana kwa Kiswahili, na kaseti yake ikapita mtaa kwa mtaa. Kwa hiyo mkono wa DJ mmoja asiyejua hata Kariakoo iko wapi ulisukuma kitu mpaka huku kwetu. Besi yenyewe ni ya "Under Pressure", wimbo wa Queen na David Bowie. Ukisogeza kitelezi cha kasi unaweza kuzilinganisha nyimbo hizo mbili zikaenda sambamba, na hapo ndipo utaona kitelezi hiki kilivyo laini. Hakikwami katikati.

Imebaki moja. 2Pac, 1996, mwenye stika kwenye daladala zetu zote. Upande A ni "How Do U Want It", mtamu, wa klabu. Ninyi mnajua kilicho nyuma yake, "Hit 'Em Up", na majirani zangu watakijua sasa hivi. Ngojeni nifunge dirisha... nainua mkono... nageuza.