Alaina za meno ukubwani: Tanga hadi Mombasa

Bei kwanza, maana huulizwa kabla hata salamu hazijaisha. Kwa alaina, yaani trei za plastiki angavu zinazovaliwa juu ya meno ili kuyanyoosha, nililipa shilingi za Kenya laki tatu na elfu arobaini, ambazo wakati ule zilikaribia milioni saba za kwetu, kwa awamu. Ndani yake mna skani, eksirei, trei zote, marekebisho ya mwisho na jozi moja ya riteina, zile za kuvaa baada ya matibabu ili meno yasirudi. Nauli na chakula ni juu yako. Bima haikutoa hata senti, wala sikutarajia itoe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nimeshavuka arobaini. Meno yangu ya chini yalipandana tangu utotoni, na jino la chonge la juu, upande wa kushoto, lilijipinda likawa linatazama pembeni. Nyaya za chuma sikuzitaka. Kusimama mbele ya kidato cha pili na vyuma mdomoni kwa umri huu, hapana, nawajua wanangu wale.

Binamu yangu alikwenda India kutengeneza ya kwake. Alihudumiwa vizuri, bei ikawa nafuu kuliko yangu, akarudi na mfuko wenye trei zote za safari nzima. Baada ya miezi kadhaa jino moja likagoma kufuata, trei ikawa haikai, na mtu mzima akawa anajipiga picha za mdomo usiku na kuzituma WhatsApp, anasubiri jibu kutoka bara jingine. Wapo pia wanaoagiza vya kujipima wenyewe nyumbani, bila daktari kuwagusa. Hao nawakumbusha SmileDirectClub ya Marekani, kampuni kubwa ya biashara hiyo, iliyofunga milango Desemba 2023. Wateja waliachwa njiani, na waliokuwa wakilipa kidogo kidogo wakaambiwa waendelee kulipa.

Ndiyo maana nikachagua Mombasa. Dar wataalamu wapo, lakini kutoka hapa ni kama kilomita 350, na Mombasa haifiki 200. Tena Likoni nina shangazi, kwa hiyo kulala si tatizo. Kwa matibabu haya umbali wa daktari una uzito kuliko jina la kampuni iliyochapisha plastiki. Kila trei husogeza jino kidogo sana, yapata robo milimita, na mfupa unapaswa kuyeyuka upande mmoja na kujijenga upande wa pili ili jino lipite. Mfupa hausomi mpango wa kompyuta. Kuna jino litakalotii na jino litakalokaidi, na lazima awepo mtu wa kuliona mapema.

Kabla ya kwenda, nilisafisha meno na kuziba tundu mbili hapahapa Tanga. Fanya hivyo. Fizi zikiwa zinavimba au zinatoka damu, daktari mwenye akili hataanza kusogeza chochote, na kusafishwa meno huku kwetu ni nafuu zaidi. Pia nilitafuta jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa Kenya, iko wazi mtandaoni. Wapo wanaojiita wataalamu wa kupanga meno na hawakusomea.

Skani haina ule udongo wa kukufanya utapike. Ni kama kalamu nene inapitishwa mdomoni, picha inajijenga kwenye skrini. Baadaye daktari akanionyesha meno yangu yakitembea hatua kwa hatua hadi mwisho, na mwishoni mwanya wangu wa mbele umefungwa!

"Daktari, huo mwanya ni wa bibi yangu. Uache."

Akacheka. "Mwalimu, si wewe wa kwanza. Hii programu huufunga yenyewe, huko inakotoka wanauona kasoro."

Akaurudisha mpango, ukarekebishwa, mwanya ukabaki mahali pake. Dada zangu wa pwani, lisemeni hili siku ya kwanza. Trei zikishachapishwa, kubadili mawazo ni pesa nyingine.

Siku ya kuvalishwa nilibandikwa vinundu vidogo vya rangi ya jino, ambavyo trei hushikia ili izungushe na kuvuta. Hivyo usidanganywe kwamba hakuna atakayeona: akikaa karibu nawe ataona. Kati ya meno kadhaa ya chini daktari alipitisha ukanda mwembamba wa kusugua ili kupata nafasi, chini ya nusu milimita kila mahali. Hauumi, ila sauti yake inakera hadi kisogoni. Maumivu yenyewe ni ya siku mbili za kwanza za kila trei mpya, meno yanakaza, muhogo wa kuchoma unautazama tu. Mimi nilikuwa nabadilisha usiku kabla ya kulala, asubuhi makali yameshapungua.

Wiki ya kwanza nilipata kithembe. Naingia darasani, nasema kaeni chini tuanze somo, inatoka "tuanthe thomo", na darasa zima likanyanyuka: "Thikamoo mwalimu!" Nilicheka nao. Ulimi ulizoea baada ya siku chache.

Kilichonitesa ni kahawa. Trei inatakiwa ikae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku, unaitoa kwa kula, kupiga mswaki na kunywa chochote kisicho maji. Kinywaji cha moto huipinda, na kahawa huitia rangi ya kutu. Sasa mtu wa Tanga, jioni, kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata, halafu kingine, halafu mazungumzo, unamwambia saa zake mbili zimekwisha? Mwishowe nikawa nakunywa vikombe vyangu kwa mkupuo kama dawa, nasukutua, navaa, naendelea kusikiliza umbea nikiwa nimefunga mdomo. Kashata nilisamehe kabisa baada ya kung'oa kinundu kimoja. Ajabu ni kwamba Ramadhani ndiyo ilikuwa rahisi kuliko miezi yote: mchana kutwa trei haina sababu ya kutoka, unaitoa kwa futari, unairudisha, unaitoa tena kwa daku. Ila mdomo ukikauka harufu huja haraka, kwa hiyo mswaki baada ya daku usiuruke hata usingizi uwe mzito vipi. Na usiache trei ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto letu linatosha kuipinda. Ioshe kwa maji baridi.

Jino la chonge lilikaidi, kama nilivyoonywa. Meno ya duara huzunguka kwa shida kwenye alaina, plastiki haipati pembe ya kushika. Katikati ya safari nikaona upenyo kati ya ncha ya jino na trei. Nilipiga simu Jumatano, Jumamosi nikawa kwenye kiti. Daktari alibadilisha kinundu, akanirudisha trei ya nyuma, na mwishoni tukapiga skani mpya na kupata trei za nyongeza bila malipo, kwa kuwa zilikuwa ndani ya mkataba. Hakikisha jambo hilo limeandikwa. Manung'uniko yangu kwa kliniki ni mapokezi: miadi ya saa nne unaitwa saa sita, na mtu uliyetoka nchi nyingine una basi la kurudi.

Mpaka hausumbui. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja, ukienda unamaliza mihuri ya nchi zote mbili upande wa Kenya, ukirudi upande wetu. Beba pasipoti. Kivuko cha Likoni ndicho cha kupangia muda, asubuhi kimejaa wafanyakazi.

Matokeo: ya juu yamenyooka, chonge limegeuka karibu lote, ya chini kuna moja bado limepinda kidogo na nimelikubali. Daktari alitaka duru nyingine ya trei, nikakataa. Nimechoka.

Sasa ni riteina kila usiku, na hazina tarehe ya kwisha, kwa sababu meno hurudi yalikotoka ukiyaachia. Jozi ya pili nitailipia mwenyewe. Ile ya kwanza imeanza kupasuka pembeni, kwa hiyo likizo ya Juni nitapita kliniki, na kwa bahati ndiyo wiki ya harusi ya mtoto wa shangazi Likoni.