Seti ya elfu 38 ya kufungulia saa, na fundi wa Makoroboi aliyeiokoa saa yangu

Habari zenu jamani. Nataka niongelee vitu viwili kwa pamoja maana kimoja kimenipeleka kwa kingine: seti ya vifaa vya kufungulia saa niliyoagiza Dar kwa simu, na fundi saa mmoja hapa Mwanza, maeneo ya Makoroboi, ambaye alitengeneza kile nilichoharibu na hiyo seti. Nitaandika kirefu mnisamehe, kabla sijanunua nilitafuta mtu aliyeelezea hivi vifaa kwa Kiswahili sikumpata, nikaishia kuangalia klipu ambazo mikono inaenda haraka haraka na hakuna anayekwambia ni wapi hasa utakosea.

Saa yenyewe ni Citizen ya betri, ya mishale, ndogo ya kike, baba alininunulia 2016 siku namaliza chuo cha uuguzi. Mimi ni nesi. Sisi saa siyo urembo, ni kifaa cha kazi, unashika mkono wa mgonjwa unahesabu mapigo huku macho yako kwenye mshale wa sekunde, na mtoto mchanga anayepumua kwa shida pumzi zake unazihesabu dakika nzima, huwezi kuhesabu nusu ukazidisha mbili kwasababu anapumua bila mpangilio. Simu huwezi kuitoa toa wodini na glavu mkononi. Kwahiyo saa ambayo mshale wa sekunde hautembei kwangu mimi haina kazi kabisa, ata kama inang'aa vipi.

Ilivyoanza, mshale wa sekunde ukawa unaruka sekunde mbili mbili. Nikajua imekufa, kumbe hiyo ni saa yenyewe inakwambia betri inaisha, saa nyingi za Kijapani za betri ndivyo zilivyotengenezwa, muda unabaki sahihi ila mshale unaruka ili ujue mapema. Nikampa kijana mmoja anayepita na kisanduku, akabadilisha betri kwa elfu mbili, baada ya miezi miwili ikazima kabisa. Baadaye ndio nikajifunza kwamba kuna betri mbili ambazo ukizitazama ni pacha, SR626SW na LR626, upana ule ule unene ule ule. Ile ya SR ina volti 1.55 na inashikilia nguvu hiyo hiyo karibu mpaka siku inayoisha, hiyo ndiyo ya saa. Ile ya LR ina volti 1.5 na inashuka taratibu kila siku, hiyo ni ya vitochi na midoli, ukiiweka kwenye saa itatembea ndio, ila haidumu na ikikaa sana inavuja maji yanayokula mashine. Kwahiyo mtu akikubadilishia betri muombe uione namba, ni haki yako.

Hapo ndio nikasema basi, nitakuwa nabadilisha mwenyewe. Nikaagiza seti elfu 38, na elfu tano ya basi, nikaipokea stendi ya Nyegezi.

Sasa seti yenyewe. Muuzaji anasema ina vipande 147 na kweli nilihesabu vipo, lakini mia na kitu ni pini za mkanda, zile fimbo ndogo za springi. Vinavyobaki ndio vifaa. Kuna kisu kifupi cha kubandulia mfuniko wa nyuma, hiki ni kizuri, chuma chake kigumu na mshikio haukuumizi. Kuna kifaa cha kutolea pini za mkanda, kizuri pia, nimeshakitumia kwa saa za wenzangu watatu kazini na hakijapinda. Bisibisi ni laini mno, moja imeliwa ncha siku ya kwanza tu. Koleo ya plastiki ya kushikia betri iko sawa (msitumie ya chuma jamani, ikigusa pande mbili za betri kwa pamoja unaimaliza nguvu). Kuna ufunguo wa miguu mitatu kwa ajili ya mifuniko ya kuzungusha. Alafu kuna presi, yaani kale kamashine kenye mkono wa kusukumia chini, kanakotumika kurudishia mfuniko wa kubana, pamoja na vibao vya plastiki ngumu kumi na mbili vya mviringo, upande mmoja bapa, upande wa pili una shimo kama kisosi.

Hii presi ndiyo iliyonivunjia kioo.

Ilikuwa usiku, nimetoka zamu ya jioni, nimekaa mezani nyumbani Mkolani, nimetandika taulo jeupe. Kufungua haikunisumbua, ukizungusha saa pembeni kwenye mfuniko utaona sehemu moja ina kidomo kidogo kama kucha, unaingiza kisu hapo unageuza kidogo mfuniko unaruka. Betri nikatoa, mpya ya SR nikaweka, mshale ukaanza kutembea sekunde moja moja vizuri kabisa, nikafurahi. Ikabaki kufunga. Nikasukuma na vidole gumba, wapi. Nikasukuma tena mpaka kucha zikawa nyeupe, mfuniko unaingia upande huu unanyanyuka upande ule. Nikasema sasa presi ndio kazi yake hii. Nikachagua kibao cha chini kinachoenea vizuri kwenye kioo, nikakiweka upande wa bapa juu, saa nikailaza kioo chini, kibao kingine juu ya mfuniko, nikashusha mkono. Haukuingia. Nikaongeza nguvu. Ikalia tak, sauti ndogo tu kama unavunja punje ya muhindi kwa jino, na mkono wa presi ukashuka ghafla.

Nilipoigeuza niliona ufa umeanzia katikati umegawanyika mara tatu mpaka ukingoni, na karibu na namba 4 kipande chembamba kama chenga ya mchele kimeng'oka kimeangukia ndani, kimelala juu ya mshale wa sekunde. Mshale ulikuwa unajaribu kusogea, unatikisika palepale, unatikisika palepale. Niliumia sana. Siyo bei ya saa, ni kwamba betri ilikuwa nzima, mashine nzima, nimeiharibu kwenye hatua ya mwisho ambayo ningeweza kuiacha mpaka asubuhi.

Alafu nikafanya kosa la pili ambalo nataka msilirudie. Niliigeuza juu chini nikaigonga gonga mezani ili chenga zitoke. Zilitoka baadhi, nyingine zikaburuzika juu ya uso wa saa zikaacha mkwaruzo karibu na namba 7, huo mkwaruzo upo mpaka leo na hautoki. Kioo kikivunjika usiigonge, usiifute, usisogeze kidude cha pembeni cha kuzungushia mishale, acha ilivyo, weka kipande cha selotepu juu ya kioo ili vipande visianguke, ipeleke kwa fundi ikiwa imelala.

Baba yuko Sengerema. Nilimpigia kesho yake nikamwambia ukweli, maana siku hizi daraja la Kigongo-Busisi limeshafunguliwa anaweza kuja asubuhi akarudi jioni na jambo la kwanza angeangalia ni mkono wangu. Akanijibu tu, "Mwanangu, kioo kinawekwa kingine, mtafute mzee anayekaa na saa."

Nikauliza uliza kazini, dada mmoja wa maabara akanielekeza Makoroboi. Yule mzee anakaa kwenye baraza la duka, ana kisanduku cha vioo pande tatu, taa moja ya mezani na kiti kimoja cha mteja. Sitamtaja jina wala namba yake maana sijamuomba ruhusa, ila ukifika ukauliza fundi saa wa kwenye baraza watakuonyesha. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), leta tuone." Hakucheka, hakunisema, akavaa lenzi yake jichoni akaitazama kimya muda mrefu, akageuza mfuniko, alafu akaniuliza, "Ulikandamiza na mashine?" Nikamwambia ndio. "Ulitanguliza nini chini?" Nikamuelezea kibao cha bapa.

Akanivuta nione. Kwanza akanionyesha mfuniko, una kipengele kidogo pembeni, kama umekatwa na mkasi, na hicho lazima kikae sawasawa na pale kinapopita kijiti cha kuzungushia mishale. Mimi niliuweka umepishana kidogo tu, ndio maana haukuingia kwa vidole, na usingeingia kwa presi yoyote hapa duniani. Alafu akaweka ukucha wake kwenye ukingo wa saa, akanionyesha kwamba kioo changu kimenyanyuka kidogo juu ya bodi, unene wa karatasi mbili hivi. Kwahiyo kibao cha bapa kiligusa kioo peke yake, nguvu yote ikaenda kwenye kioo. Akasema, "Mayu, saa haikandamizwi kwenye kioo, inakandamizwa kwenye bodi." Kibao cha chini kinatakiwa kiwe kipana kuliko kioo, upande wa shimo uangalie juu, mdomo wake ukae kwenye chuma na kioo kibaki kinaning'inia bila kugusa kitu. Basi. Sentensi moja, na kwenye karatasi iliyokuja na seti haipo, kuna kapicha tu kadogo na maandishi ya Kichina.

Kazi yake nilikaa nikaitazama mwanzo mwisho, kama lisaa limoja na nusu. Alitoa kile kidude cha pembeni na kijiti chake, akatoa mashine nzima ya saa pamoja na uso wake, akaifunika na kikombe cha plastiki ili vumbi lisiingie. Vipande vya kioo akasukuma kutoka ndani, akakwangua mpira mweupe wa zamani unaoshika kioo, akapima tundu kwa venia, kile kipimio cha milimita, mara tatu sehemu tofauti. Ana bahasha ndogo ndogo amezipanga kwenye boksi la viatu, kila moja imeandikwa kipimo kwa bik, zinapishana pointi moja ya milimita. Alijaribu cha kwanza kikalegea, cha pili kikakaa. Kwenye uso wa saa chenga alizitoa kwa kitu laini kama ubani uliotafunwa, anagusa ananyanyua, anagusa ananyanyua, habururi, na vumbi anapuliza na kipira cha mkono, siyo mdomo, mate yanaacha alama. Kioo akakiingiza na presi yake, kubwa nzito ya chuma, vibao vyake vimechakaa mpaka vimekuwa njano. Mfuniko wa nyuma aliufunga na vidole gumba viwili tu. Ukalia ting.

Nilimuuliza kuhusu kioo kigumu cha safaya, akasema hana cha kipimo hicho na wala hanishauri kwa saa hii, safaya haikwaruziki kirahisi kwasababu kwa ugumu, katika mawe ya kawaida, iko chini ya almasi tu, lakini ukiidondosha kwenye sakafu ya hospitali inapasuka kama kioo kingine. Na wenye saa za kioo cha plastiki alisema mkwaruzo mdogo mnaweza kuusugua na dawa ya meno na kitambaa laini, ila kwa kioo cha kweli hiyo haifanyi kazi msijisumbue.

Bei: kioo elfu 10, mpira mpya na kazi elfu 8, jumla elfu 18. Nilitoa elfu 20 sikuchukua chenji. Sasa ukijumlisha na seti, basi, na ile betri ya kwanza ya elfu mbili, hesabu mnaiona.

Yeye naye ana mapungufu nitayasema. Haandiki risiti. Kioo alichoweka ni bapa, cha zamani kilikuwa kimechongwa ukingoni kinameta kidogo, hicho hana. Na ukienda siku ya watu wengi utasubiri maana hafanyi saa mbili kwa wakati mmoja, ila hilo mimi nalihesabu ni sifa. Aliniambia pia nisiizamishe kwenye maji, imeandikwa nyuma inavumilia maji lakini hiyo ni manyunyu na kunawa mikono, siyo kuogelea ziwani, na yeye hana mashine ya kupimia kama mpira umeshika. Nimeivaa wiki sita sasa, asubuhi ya baridi nimeenda nayo soko la Mwaloni kuchukua dagaa, upepo wa ziwa na unyevu wote ule, ukungu ndani haukuingia.

Fundi nampa nyota tano. Seti naipa mbili, na hizo mbili ni za kisu na kile kitolea pini. Kama kazi yako ni kupunguza mkanda, kununua vile viwili peke yake haitafika elfu kumi. Presi ya kwenye seti mimi siigusi tena, siyo kwamba haiwezi kazi, nimejaribu kwa saa mbovu na kibao kipana cha shimo ikafunga vizuri, lakini mkono wake unacheza, ukisukuma unaegemea upande mmoja, na kioo hakihitaji zaidi ya hapo kuvunjika. Mfuniko ukikataa kuingia kwa vidole, utoe, tafuta kile kipengele, ulinganishe na kijiti, jaribu tena. Ukikataa mara ya pili nenda Makoroboi. Nimemkuta kuanzia saa tatu asubuhi mpaka kumi na moja jioni, Jumapili hayupo, na saa mpelekee na vipande vyake vyote.