Uzoefu wangu na Federal Gold Medal .308, greni 175

Kwa wanaouliza kama risasi za mashindano zina tofauti yoyote na za kawaida: kwenye mita 100, tofauti ipo lakini si ya kufanya utoboe mfuko. Bunduki yangu ya .308 Winchester hukusanya matundu ndani ya sentimita 3 hata kwa risasi za kawaida. Nikiweka hizi za mashindano za Federal, zenye kichwa (ile sehemu inayoruka) cha greni 175 (kama gramu 11.3), yanabanana hadi sentimita 2, pengine yanagusana. Inapendeza kutazama, basi.

Uhondo uko kwenye mwendo. Boksi linasema mita 792 kwa sekunde. Mtutu wangu ni mfupi, hivyo kipimo changu husoma chini ya hapo, ila zote husoma karibu sawa. Za kawaida nilizokuwa nazo zilipishana hata kwa mita 15 kwa sekunde. Ukiwa mita 900 kutoka kwenye shabaha, pengo hilo peke yake linakupandisha au kukushusha zaidi ya sentimita 30, hata kama pumzi umeishika na triga umeivuta kwa upole.

Kichwa chake ni Sierra MatchKing. Kile kitundu cha nchani huwafanya wengi wadhani ni risasi ya kuwindia, na siyo. Gamba la shaba hufungwa kutokea kitakoni kuja mbele ili kitako kitoke sawasawa kabisa, na kitundu ni pale lilipoishia. Kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu. Kikiwa kimepinda hata kidogo, gesi hukisukuma upande.

Kwa nini kichwa cha greni 175 na si 168? Ile ya 168 ni tamu mpaka mita 600 hivi. Ikikaribia 900 mwendo unashuka kwenye mpaka wa kasi ya sauti na inaanza kuyumba. Ya 175 hufika bado ina nguvu kidogo ya ziada. Upepo lakini hauna huruma na yeyote: ukivuma wa pembeni wa mita 4 kwa sekunde, hapo mbali unakusogeza karibu mita 2. Hakuna boksi linalotibu hilo.

Najua mtasema risasi ya aina ya 6.5 Creedmoor haipeperushwi na upepo sana kama hii. Kweli, na teke lake ni dogo pia. Ila mimi nashindana F-TR, aina ya mashindano ya kulenga shabaha za mbali, ambako kanuni zinaruhusu .308 na .223 Remington tu.

Ukizipenda, angalia namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi na ununue za namba hiyo hiyo za kukutosha msimu. Namba ikibadilika, pima mwendo upya na urekebishe darubini kabla ya kwenda kwenye mashindano. Na jaribu boksi moja kwanza, maana mtutu wa jirani si wako. Kwa mazoezi ya mita 200 bado natumia za bei nafuu.