Kabla hujabadilisha laptopu, uliza RAM imekaaje

Msimu wa wanachuo wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kukabidhi tafiti, steshenari yangu haina pa kukaa. Msimu uliopita ulinikuta na laptopu mpya ya shilingi 780,000, nyembamba kama sinia, ambayo muuzaji aliisifia mpaka nikaona nimechelewa kuinunua. Kijana mmoja akaketi mbele yangu na utafiti wa kurasa tisini. Nikafungua Word, nikafungua SPSS ya kuchambua takwimu, na WhatsApp ya kwenye kompyuta ili anitumie majedwali. Mashine ikaganda. Mimi naye tukabaki tunaangalia kile kiduara kinazunguka, huku foleni nyuma yake inafika barazani.

Sikushtuka sana, nikajua dawa ni kuongeza RAM, ile kumbukumbu inayobeba programu ulizozifungua. ThinkPad T430 yangu ya zamani niliipandisha kutoka GB 4 hadi GB 8, ikanilisha miaka. Nikaipeleka hii mpya kwa fundi kule Majengo. Akalegeza skrubu, akapuliza lile vumbi letu jekundu, akaniita nisogee. "Dada, angalia hapa." Pembeni ya prosesa palikuwa na chipu nyeusi nne, zimechomelewa kwenye mazabodi. Hakuna nafasi ya kuchomeka, hakuna vile vibanio viwili vya pembeni. GB 4 ilizozaliwa nazo ndizo itakazozikwa nazo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza abadilishe laptopu au aendelee na aliyonayo, ninaanzia hapo hapo. Mambo ya inchi, rangi na kibodi yenye taa utayaona mwenyewe dukani. RAM iliyochomelewa huioni, na muuzaji hakuambii. Kampuni zinachomelea ili mashine iwe nyembamba na isile chaji, lakini mzigo unakuangukia wewe miaka mitatu baadaye, programu zikishanenepa. Isitoshe, mashine nyingi hizi picha ya kioo inakula humo humo kwenye RAM, kwa hiyo GB 4 unayouziwa si GB 4 unayoitumia.

Kuikagua ni dakika moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, kisha Memory. Tazama mstari wa "Form factor". Ukiona "SODIMM", hiyo inachomoka. Ukiona "Row of chips", imechomelewa. Juu yake kuna "Slots used", inakuonyesha kama kuna nafasi bado haijatumika. Muuzaji akikataa usiwashe mashine, shika mkoba wako uondoke.

Sasa nipange.

Cha kwanza kabisa ni kutokununua. Kama laptopu yako ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, na RAM inachomekwa, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), fika GB 16, safisha feni, na hela nyingine ulipe ada za watoto. Walio na kizazi cha sita au cha saba ndio wenye sababu ya kweli ya kubadilisha, maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hizo, isipokuwa chache mno, hazimo kwenye orodha yao rasmi ya Windows 11.

Ukilazimika kununua, nunua ThinkPad T480. Naipenda na sifichi. Ni ya 2018, ina nafasi mbili za RAM, na ina betri mbili: moja ya ndani, moja ya nje ambayo unaichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya mteja, utanikumbuka. Kuna mawili ya kuangalia. Zipo T480 zilizotoka na kizazi cha saba, kwa hiyo namba ya prosesa ianze na 8, kama i5-8250U au i5-8350U. Pili, inachaji kwa tundu la USB-C; litikise kwa chaja uone halichezi, na umwambie fundi aweke marekebisho ya Thunderbolt, programu inayoendesha tundu hilo, ambayo Lenovo wenyewe waliyatoa. Usikubali kuambiwa "ThinkPad ni ThinkPad tu". T490 iliyofuata ina RAM moja ya kuchomelewa na nafasi moja tu, na X1 Carbon imechomelewa yote.

Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5 zinafuata, kwa mpangilio huo. Zote zina nafasi mbili, na zote zina matoleo ya kizazi cha saba, kwa hiyo kagua vilevile. MacBook Air ya M1 ina nguvu na chaji inakaa, ila RAM yake haiongezwi kamwe. Ukiichukua, uwe umeamua kufa na hiyo hiyo. Zile mpya za bei ya chini zenye Celeron na GB 4, ziache.

Kinachoniuma zaidi ni maduka yetu. Tangazo linasema GB 8, ukifungua unakuta GB 4, na jibu ni "mzigo ulivyokuja". Bei ya Dodoma inapandishwa kwa hoja ya nauli kutoka Kariakoo, wakati treni ya SGR inafika hapa tangu 2024 na laptopu inakaa kwenye begi la mgongoni. Kisha unaulizwa, "Na risiti au bila risiti?" kana kwamba risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ni bidhaa ya pembeni. Ile nyembamba mimi niliichukua bila risiti, nikaokoa ile VAT ya asilimia 18, na niliporudi na malalamiko yangu sikuwa na karatasi hata moja ya kushika. Muuzaji akaniambia haikumbuki mashine hiyo.

Na RAM yenyewe sasa imepanda bei dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya akili mnemba. Kwa hiyo ukipata T480 mbili, moja ina GB 8 na nyingine GB 16, piga hesabu ya tofauti hapo hapo kaunta kabla ya kusema utaongeza baadaye. Mimi safari ya pili nilichukua yenye GB 16, na risiti nimeibandika ukutani juu ya printa.