Jagi la kutengenezea klorini kwa chumvi: linafaa, ila chunga waya

Jagi hili la lita 1 lina kazi moja tu: kugeuza maji ya chumvi kuwa dawa ya maji ya kunywa. Tia gramu 25 za chumvi, koroga mpaka iyeyuke yote, unganisha na betri ya volti 12, subiri saa moja. Klorini hutoka kwenye anodi (ncha ya chanya) na haidrojeni kwenye kathodi (ncha ya hasi). Kwa kuwa hakuna utando wa kuzitenga pande hizo mbili, klorini hukutana papo hapo na alkali inayozaliwa kathodini, ikawa hipokloraiti, ndiyo dawa yenyewe. Viwandani utando upo, ndiyo maana wao huvuna gesi ya klorini upande huu na soda kali upande ule.

Kasha linaahidi gramu 5 za klorini kwa lita. Hapo wametia chumvi nyingine. Ampea 5 za jagi hili kwa saa moja haziwezi kuzidi gramu 6.6 hata kila kitu kikienda sawa, na vyombo visivyo na utando hupoteza kama theluthi. Tarajia gramu 4 na ushee. Kwa nguvu hiyo, mililita 10 zatosha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu. Baada ya dakika 30 klorini huru, yaani iliyobaki majini bila kutumika, isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Karatasi za kupimia hazimo kashani, na huo ni uzembe.

Kasoro kubwa ni klipu za kushikia betri: zote mbili nyeusi, na alama ya kujumlisha imechongwa ndogo kama mguu wa sisimizi. Anodi ni titani iliyopakwa oksidi ya metali ya rutheni. Ukigeuza waya, upako huharibika, na titani tupu hujifunika oksidi inayozuia umeme. Funga utepe mwekundu siku ya kwanza.

Chumvi ya mawe ina kalisi na magnesi, hivyo kathodi huota ukoko mweupe na mkondo hushuka. Siki huuondoa, lakini mwaga dawa na suuza kwanza, la sivyo asidi itairudisha klorini kuwa gesi ya kukaba koo.

Tundu la kifuniko ni la kutolea haidrojeni, usilizibe, na moto ukae mbali. Usiliwashe jagi mfululizo pia: dawa ikipata moto hugeuka kloreti, isiyoua vijidudu. Iliyobaki itie kwenye chupa isiyopitisha mwanga, uitumie ndani ya siku moja.