Uzoefu wangu: Raspberry Pi na TV ya chogo ya ami, Chake Chake

Naulizwa kama Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inafaa kwa TV ya chogo. Nianze na jibu kwa wenye haraka: inafaa, na inafaa sana, ilimradi TV yenyewe iwe nzima na upate waya sahihi. Nimetumia Raspberry Pi 3 kupeleka picha kwenye TV ya chogo ya ami yangu hapa Chake Chake. Nyuma ina tundu moja tu, la antena. Tangu matangazo ya analogi yazimwe, ukiiwasha unapata chenga, na nyumbani walishaitandika kitambaa na kupanga vikombe juu yake.

Wengi huniuliza kwa nini nisiweke king'amuzi tu, mambo yakaisha. King'amuzi kinaleta stesheni. Mimi nilitaka kanda zetu wenyewe: harusi, maulidi, na mkanda mmoja wa mchezo wa ng'ombe wa miaka ya 1990. Zote nilishazihamisha kutoka kwenye VHS, lakini kwenye TV bapa hazipendezi hata kidogo, na hilo lina sababu yake. Kanda hizi ni za mfumo wa PAL: mistari 625 kwa picha, na picha yenyewe inakuja nusu nusu, kwanza mistari isiyogawanyika kwa mbili, kisha ile inayogawanyika, jumla nusu 50 kila sekunde. Kila nusu imechukuliwa wakati wake. TV bapa inaziunganisha nusu mbili na kuzionyesha kwa pamoja, basi ng'ombe akikimbia pembe zake zinatoka meno kama chanuo, au TV inajaribu kuyaficha meno na picha nzima inakuwa na ukungu. Tyubu ya zamani haina taabu hiyo. Inachora nusu moja, inachora ya pili, kama kamera ilivyoona. Ami alipouona ule mkanda aliniuliza, "Mwanangu, mbona ng'ombe leo anakimbia sawasawa?" Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kufanya kazi yote hii.

Lakini mwendo huo unaupata tu ukiipeleka picha kwa ukubwa wake halisi, 720 kwa 576, bila kuikuza wala kuipunguza, na ukaizuia programu ya kuchezea video isiziunganishe nusu. Ukibadilisha ukubwa hata kidogo, mistari inachanganyika na faida yote imepotea. Angalia pia nusu ipi inatangulia. Zikipishana, mtu anayetembea anaonekana anatetemeka, mbele nyuma, mbele nyuma. Utaijua mara moja.

Sasa waya, maana hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Tundu la sauti la Pi 3 linatoa na picha pia, kwa jeki yenye sehemu nne. Kuanzia nchani: sauti ya kushoto, sauti ya kulia, athi, na mwisho kabisa, kwenye shina, picha. Madukani kuna waya za kamera na za deki ndogo zinazofanana na hii kwa kila kitu, ila athi imewekwa pengine, na hizo hazitakupa picha ya maana. Nenda dukani na mita ya fundi, iliyowekwa kwenye kipimo cha mlio. Gusa shina la jeki na ncha ya katikati ya pini ya njano, ile ya picha: ilie. Gusa sehemu ya tatu na ganda la nje la pini yoyote: ilie pia. Athi ikiwa mahali pake lakini rangi zimebadilishana, waya bado ni mzuri, chomeka nyekundu panapotakiwa njano.

Kwenye faili la mipangilio la Pi, config.txt, niliandika sdtv_mode=2, ambayo ni PAL. Ukiacha 0 unapata NTSC ya Marekani, na TV nyingi za huku zitakuonyesha picha isiyo na rangi au inayopanda juu bila kutulia. Toleo la Bookworm la mfumo wa Pi lina utaratibu mwingine: kwenye faili hilo hilo unaongeza neno composite kwenye mstari wa vc4-kms-v3d.

Kwa kuwa TV ya ami haina matundu ya AV, yale ya pini za rangi, katikati niliweka modyuleta, kile kiboksi kinachogeuza picha na sauti kuwa mawimbi ya antena. Yangu imetoka Kariakoo, na naipa sifa zake: imetulia kwenye chaneli 36 na haihami hata ikipata moto. Ila ilikuja imepangwa mfumo wa B/G, ambao sauti yake iko 5.5 MHz juu ya picha. TV ya ami ni ya mfumo wa I, ule wa Uingereza, ambao ndio TVZ, televisheni ya Zanzibar, walioutumia, na sauti yake iko 6.0. Ukiacha B/G picha inakuja nzuri na sauti inakoroma tu. Pembeni kuna swichi ndogo, isogeze kwenye I na sauti inafunguka. Usinunue modyuleta isiyo na swichi hiyo. TVZ ilianza kurusha kwa rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati huo Bara bado hakukuwa na hata stesheni moja, kwa hiyo TV za namna hii zimo majumbani mwetu zaidi ya tunavyodhani. Msizitupe.

Kazi nyingine iliyonifurahisha ni ya fundi. Kwa programu ya bure ya ffmpeg nilitengeneza milia ya rangi ya PAL, miraba yenye duara katikati, na ukurasa mweupe mtupu. Fundi alilitazama duara limebonyea juu, akazungusha kitufe cha kimo polepole mpaka likakaa sawa. Ukurasa mweupe ulionyesha doa la zambarau kwenye pembe ya kulia. Spika kubwa ilikuwa imeegeshwa pale, na sumaku yake ndiyo iliyokuwa inavuta rangi. Kufungua TV mwachie fundi. Ndani mna volti zaidi ya 20,000, na zinabaki hata baada ya kuchomoa.

Pi 4 nayo inatoa picha hii, ila lazima uiwashe kwa enable_tvout=1, na mashine inapungua kasi kidogo. Kwa kazi hii Pi 3 inatosha. Ipo pia programu ya hacktv, ambayo kwa kifaa cha redio kiitwacho HackRF inatengeneza mawimbi yote bila modyuleta, hata mistari 405 ya Uingereza ya kale. Itumie kwa waya tu, kwani kurusha hewani kunataka leseni.

Jambo la mwisho ni umeme. Ukikatika ghafla unaweza kuharibu kadi ya memori. Ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, washa Overlay File System, kadi isiandikwe kitu. Tangu niiwashe, ami anazima ukutani kama alivyozoea, na kesho yake inawaka.